Vidole vya Mpwa Wangu

Hakuna anayetoa pole kwa furaha kama mtu aliyeahidi mchango wa sherehe na hajautoa. Laptopu yangu ilipogoma kufunguka, na kundi la WhatsApp la kamati likapata habari kwamba orodha ya ahadi imo humo ndani, nilipewa pole ambazo hata kwenye misiba ya kwetu sijawahi kuzipata. Mzee mmoja wa Uyole, ninayemheshimu sana, aliyeahidi laki mbili siku ya kikao cha kwanza huku ukumbi mzima ukimpigia makofi, alinipigia yeye mwenyewe. "Katibu, usihangaike," akasema. "Mambo ya mashine yana wakati wake. Sisi huku tunakuombea." Huyu ni mzee ambaye meseji zangu za kumkumbusha zilikuwa hazimfikii, kwa maelezo kwamba mtandao wa Uyole unasumbua. Siku ile mtandao ulikuwa safi kabisa, nilisikia hadi kuku wake.

Kamati yenyewe ni ya sendofu ya binti wa kaka yangu, anayeolewa Iringa. Ukatibu wa kamati ya sendofu hapa Mbeya hauombwi, unaangushiwa. Mtu anasema "mwenye laptopu ni nani?", watu wote wanakugeukia, na kazi imeisha. Tangu hapo wewe ndiye unayejua nani kaahidi nini, nani katoa nusu, nani katoa kwa mdomo tu. Mweka hazina anashika pesa na anaheshimiwa. Katibu anashika majina na anakimbiwa.

Sasa mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma chuo Iringa. Alikuja likizo, akakuta wanangu wanacheza gemu usiku wa manane kwenye hiyo mashine ya kamati, akaona amsaidie mjomba wake bila mjomba kuomba msaada. "Mjomba, nimekuwekea ulinzi," akaniambia asubuhi huku anakunywa chai yangu. Nikamshukuru. Kila siku alikuwa akiiwasha yeye, anaandika vitu vyake kwa kasi ya mchapaji wa mahakama, kisha ananikabidhi. Alipoondoka mashine iliendelea kufanya kazi, kwa sababu mimi huwa siizimi, nafunika tu kama sufuria ya wali. Laptopu iliyofunikwa imelala, haijazimika, na ikiamka haiulizi nywila ya kuwashia. Mpaka umeme ulipokatika siku nzima, chaji ikaisha, na nilipoiwasha nikakutana na kiboksi kidogo kwenye kioo cheusi, chenye alama ya kufuli. Hakuna jina langu, hakuna picha ya Ziwa Ngosi niliyoiweka, hakuna salamu.

Nikampigia mpwa. Akasema, "Mjomba, sijaisahau. Ipo kwenye vidole, ila kichwani haipo."

Naomba wataalamu wa elimu watueleze tunalipa ada ya kichwa au ya vidole.

Basi tukaanza kubahatisha kwa simu, yeye anataja, mimi naandika. Kosa langu pekee ni kwamba nilikuwa nimeweka spika, na dada yangu, mama mzazi wa kijana, alikuwa amekuja kutusalimia na amekaa kwenye kochi. Nywila ya kwanza ilikuwa jina la msichana na mwaka. Haikukubali. Ya pili, jina la msichana mwingine na mwaka uleule. Dada akaweka kikombe chini. Ya tatu kijana akasita, akaomba nitoe spika, dada akasema usitoe. Ikawa jina la tatu. Mashine ikakataa na kujifunga kabisa, ikaonyesha maandishi ya Kiingereza kwamba mfumo umezuiwa, na tarakimu nyingi chini yake. Kumbe ukikosea mara tatu inakata mazungumzo, sharti uizime na kuianza upya. Tukaizima, tukaianza upya. Awamu ya pili kijana alihamia kwenye mpira. Akataja Yanga na hamsini na moja, maana tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1, na nina hakika wiki ile nusu ya nywila za nchi hii zilibadilika. Haikukubali. Tuliacha pale dada aliposema anataka kurudia lile jina la pili, analifahamu, na mama yake msichana wanasali kanisa moja.

Hapa inabidi nieleze jambo, kwa sababu kila niliyemsimulia alinijibu kabla sijamaliza: "Kapige Windows." Kwa mafundi wetu, kupiga Windows ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Mashine inachelewa, piga Windows. Spika haitoi sauti, piga Windows. Ni kweli ipo nywila ya Windows, inayokuja mashine ikishawaka, na hiyo fundi yeyote mwenye flashi anaishughulikia kabla chai haijapoa. Ya kwangu ni nyingine. Nywila ya kuwashia haikai kwenye diski, inakaa kwenye ubao mkuu wenyewe, na inauliza swali lake kabla mashine haijajua kama ina Windows au haina. Chomeka flashi, chomeka rozari, haisomi kitu.

Fundi wa Mwanjelwa niliyempelekea alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Mzee, hiyo ni simosi tu. Tunatoa betri." Akafungua kifuniko cha chini, akachomoa kibetri cha duara kama cha saa, akakiweka mezani, tukasubiri huku anatengeneza simu za watu. Si kwamba alikuwa mjinga. Hiyo mbinu ilikuwa ya kweli zamani. IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC AT mwaka 1984, mipangilio ya mashine ilihifadhiwa kwenye chipu iliyolishwa na betri, ndiyo hiyo simosi, na chipu ya namna ile ukiinyima umeme inasahau kila kitu, nywila ikiwemo. Kizazi kizima cha mafundi kimekula ugali kwa ujuzi huo. Lakini laptopu za kiofisi za miaka hii nywila yake imeandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme ili ikumbuke. Unaweza kuchomoa betri, ukapanda viazi, ukavipalilia, ukavivuna, ukirudi inakukumbuka. Fundi akarudisha kibetri, akawasha. Mashine ikalalamika kwamba saa na tarehe hazijawekwa, kisha ikaleta kilekile kiboksi cha kufuli. Ilikuwa imesahau hata mwaka tuliomo. Nywila haikuisahau.

Akapiga picha zile tarakimu za mwisho zinazotokea baada ya kukosea, akamtumia jamaa yake wa Dar es Salaam. Hapa pia kulikuwa na ukweli ndani yake. Mashine nyingi za zamani zilikuwa zinatoa tarakimu ambazo mtu mwenye kanuni yake anaweza kuzigeuza kuwa ufunguo, na walikuwepo watundu waliozichambua kanuni hizo wakazigawa kwa ulimwengu bure. Jamaa wa Dar hakuwa mgawaji wa bure. Alitaka hela itangulie kwenye simu. Ikatangulia. Ufunguo ukaja, ukaandikwa, ukakataliwa. Akasema hiyo ni modeli mpya, inahitaji ufunguo wa daraja la juu, ambao nao una bei yake ya juu. Nikamwambia fundi mimi ni katibu, si mweka hazina.

Nikaona bora niende kwa wenyewe. Nikawaandikia watengenezaji, kampuni nisiyoitaja, wala si kubwa wala ndogo, na niliwaandikia kwa Kiingereza changu cha barua za serikali. Wakajibu vizuri tu. Wanataka namba ya mashine iliyobandikwa chini yake, na uthibitisho wa ununuzi wenye jina langu. Hata kwa wengine hali ni hiyohiyo. Dell humpa ufunguo anayethibitisha kwamba mashine ni yake. Lenovo, kwa ThinkPad zake, imeandika bila kumung'unya maneno kwamba ukisahau nywila ya msimamizi, tiba ni kubadilishiwa ubao mkuu, tena kwa gharama yako. Siwalaumu. Wangekuwa wanafungua kwa kila anayelia, wezi wangejifunza kulia.

Lakini hebu tuzungumze Kitanzania. Laptopu hii alininunulia shemeji yangu Kariakoo, ya mtumba, iliyotoka Ulaya ikapitia Dubai. Muuzaji alimpa bei mbili, moja yenye risiti, nyingine isiyo na risiti, na tofauti yake ilikuwa nauli ya kurudi Mbeya na chakula cha njiani. Shemeji ni mtu mwenye njaa. Mamlaka ya Mapato wametuimbia miaka yote hii, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, nasi tukadhani wanatafuta kodi yao tu. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja laptopu yenyewe ingeidai. Nilichonacho ni karatasi ya daftari iliyoandikwa "imelipwa" na namba ya simu ambayo ukiipiga unaambiwa haipatikani.

Na chini ya mashine, badala ya jina langu, kuna kibandiko cha namba ya mali cha ofisi moja ya Ujerumani. Kwa hiyo kwa mujibu wa maandishi yaliyopo, mmiliki halali ni Wajerumani.

Linganisha na laini ya simu. Ukikosea namba ya siri ya laini mara tatu, unaombwa PUK, tarakimu 8, na kampuni ya simu inakupa ukijitambulisha. Sisi tumesajiliwa kwa alama za vidole nchi nzima, mwisho ukiwa Januari 20, 2020, tulipanga foleni, tukabonyezwa dole gumba mpaka likafutika mistari. Nina namba ya NIDA, tarakimu 20. Luku ikiisha naingiza tarakimu nyingine 20 na taa inawaka, wala mita haijawahi kuniuliza kama nyumba ni yangu. Serikali inanijua, benki inanijua, wadaiwa wa sendofu wananijua na kunikwepa hadi sokoni Soweto. Anayenikana ni mashine iliyokula umeme wangu na kukaa kwenye paja langu miaka yote.

Dada akatoa wazo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la busara au la hasira: kama nywila ipo kwenye vidole, ipelekwe kwenye vidole. Nikaifunga laptopu ndani ya kitenge, nikapanda basi Nane Nane, safari ya zaidi ya kilomita 300 kwenda Iringa kumtafuta mtu aweke vidole vyake kumi juu ya kibodi. Abiria wa pembeni yangu aliniuliza kabla hatujafika Igawa kama nimebeba Biblia ya familia. Nilipomweleza, akanijibu, akiwa na uhakika wa mtu anayeshukia Makambako, kwamba nikapige Windows.

Njiani nilikuwa na muda wa kuwalaani wahusika kwa utaratibu, kuanzia wa mwanzo. Nywila za kompyuta zilianza chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati sisi tunapandisha bendera, kwa sababu watu wengi walitumia mashine moja na kila mmoja alitaka mafaili yake yasiguswe. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, akaichapisha orodha nzima ya nywila kwa printa ya chuo hicho, kisa muda aliopewa wa kutumia mashine haukumtosha. Kwa hiyo kabla mfumo haujazoeleka, ulishavunjwa na mtu aliyetaka tu kumaliza kazi yake. Namwelewa kabisa. Kisha kuna Bill Burr, wa taasisi ya viwango ya Marekani, aliyeandika mwongozo wa mwaka 2003 uliotufundisha kuchanganya herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, na kubadilisha kila baada ya muda. Mwaka 2017, ameshastaafu, akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Miaka 14, mzee! Wakati huo mpwa wangu alikuwa ameshafundishwa shuleni kwamba nywila nzuri ni ile ambayo hata wewe mwenyewe huwezi kuitamka.

Nilishukia Igumbilo, nikapanda mjini kwa bajaji. Mpwa alinipokea kwa adabu zote, "Shikamoo Mjomba, kamwene", akachukua kitenge, akanawa mikono. Ndiyo, alinawa. Akakaa, akafumba macho, akaegesha vidole kwenye kibodi kama mpiga kinanda wa kwaya, na wenzake wa gheto wakanyamaza. Vidole vikakimbia. Mashine ikakataa. Akasema baridi. Akapewa chai, vidole vikapashwa moto, vikakimbia tena, mashine ikakataa. Akasema tatizo ni kiti, Mbeya alikuwa amekaa kwenye kochi. Tukahamia kitandani. Mpaka giza linaingia tulikuwa tumejaribu vikalio vyote vya lile gheto, na mmoja wa wenzake alishaanza kunieleza kuhusu kupiga Windows.

Kesho yake akanipeleka kwa fundi mmoja pale Miomboni, kijana mpole, mwenye bisibisi ndogo zilizopangwa kwa ukubwa, jambo lililonipa imani. Kitu cha kwanza aliuliza, "Mzee, risiti ipo?" Nikajua nchi imebadilika. Akaeleza kwamba analetewa laptopu za wizi mara kwa mara, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Nikamwambia idhini natoa mimi. Akaigeuza mashine, akasoma kibandiko, akaniangalia.

"Mzee, hii mbona ni ya Wajerumani?"

Kuambiwa hivyo Iringa si jambo dogo. Boma la mawe la Chifu Mkwawa wa Wahehe pale Kalenga, Lipuli, jina ambalo baadaye likawa la timu ya mpira, lililipuliwa na Wajerumani Oktoba 1894. Mkwawa alipokufa, fuvu lake wakaondoka nalo. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ukawapa miezi sita walirudishe, na likafika Kalenga mwaka 1954. Nikamwambia yule fundi kwamba kama ananishauri niwaandikie Wajerumani kuwaomba idhini, sendofu ni mwezi ujao.

Akacheka, nadhani ndipo aliponiamini. Alichukua nakala ya kitambulisho changu, akaandika jina na simu ya mpwa kwenye daftari, kisha akauliza swali ambalo tangu Mwanjelwa hakuna aliyeniuliza. "Unataka mashine au unataka vilivyomo?"

Nikasema nataka orodha.

Akafungua skrubu za chini, akachomoa diski, kipande chembamba kisichozidi urefu wa kidole, akakichomeka kwenye kikasha cha USB, akakiunganisha na kompyuta yake. Zikatokea picha za Ngosi. Likatokea faili la kamati. Hakuna nywila, hakuna kufuli, hakuna swali. Kazi nzima haikumaliza hata wimbo uliokuwa redioni. Nikamuuliza sasa ulinzi ulikuwa wapi. Akaniambia kwa upole kwamba nywila ya kuwashia inalinda mashine isiwake, hailindi diski ikitolewa. Ningekuwa nimewasha BitLocker, diski ingekuwa imefumbwa, na ingehitajika namba ya tarakimu 48, na hapo hata yeye angenipa pole tu.

Yaani muda wote huo, mwizi mwenye bisibisi angesoma siri zote za kamati akiwa amesimama, na mimi mwenye mali nilikuwa nasafirisha vidole mikoani. Kilicholindwa kwa uaminifu mkubwa ni kioo na kibodi. Kioo kizima, fundi alisema, akaniuliza kama nitamuuzia kwa spea. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo kuliko nauli, lakini kijana ni mkweli, na risiti alisema atanipa. Nikamwachia. Mpwa akatoa wazo kwamba mashine mpya ikinunuliwa, ataniwekea ulinzi. Nikamwambia amsalimie yule wa pili.

Jioni hiyohiyo, nikiwa bado Iringa, nikaiweka orodha kwenye kundi la kamati, majina yote, ahadi zote, na safu ya salio kwa rangi nyekundu. Tiki mbili. Zikawa za bluu. Watu wa kundi lile, ambao picha ya keki wanaijadili mpaka saa sita usiku, wakanyamaza wote. Kisha mzee wa Uyole, ambaye mtandao wake ulikuwa umetengemaa kabisa, akaandika:

"Katibu hongera sana kwa kazi. Ila kwa usalama, naomba wajumbe tusifungue hilo faili kwanza. Limetoka kwenye mashine mbovu, linaweza kuwa na virusi."

Wajumbe kumi na saba wakaweka dole gumba.